Mzee Alfonsi Anatuachia Mashine ya Kunyonya Lehemu

Sijawahi kumwambia mtu, hata mama: sikuingia Klabu ya Umeme kwa kupenda umeme. Niliingia kwa sababu maabara ndipo mahali pekee shuleni ambapo unaweza kukaa kimya alasiri nzima na watu wakadhani una kazi. Nadhani Mzee Alfonsi Nambunga alijua. Hakuniuliza. Alinipa redio mbovu na bisibisi, akaenda zake.

Mzee Alfonsi, fundi sanifu wetu wa maabara, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, yote hapa hapa shuleni, nje kidogo ya Mingoyo. Kamati ya kuagana imeniomba mimi, Naima wa kidato cha tatu, katibu wa klabu, niandike wasifu wake kwenye ratiba ya sherehe. Wanajua naandika kuliko ninavyoongea.

Alizaliwa Kilangala, kwa wakulima wa korosho. Alianza kazi kama mhudumu, kuosha chupa na kufuta meza. Akaenda kusoma, akarudi na cheti na mkono usiotetemeka. Maabara kuna oskiloskopu, mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme, iliyomtangulia kazini, na kila anayeigusa mara ya kwanza lazima aiamkie. Mwalimu Frank wa fizikia naye, siku yake ya kwanza, aliipa shikamoo huku akitazama nani atacheka. Mzee Alfonsi akaitikia marahaba kwa niaba ya mashine, uso mkavu kabisa. Na mwaka ule Pasaka ilipoangukia ndani ya Ramadhani, alitengeneza kinanda cha kanisani asubuhi na kipaza sauti cha msikitini jioni. Pande zote mbili zikamlalamikia kwamba amechelewa.

Darasani fizikia ni kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni kizuri kwenye karatasi tu. Klabuni tunaongea Kiswahili, na Kimwera kidogo mzee akiudhika. Vipuri hatununui, tunavichomoa kwenye redio na taa za sola zilizokufa. Kuchomoa ndiyo kazi yenyewe. Unayeyusha lehemu, ile risasi inayoshikilia miguu ya kipuri, halafu unainyonya kabla haijaganda. Pampu yetu ya mkono inaruka kama panzi, na ikiruka inang'oa hadi njia za shaba za ubao unaobeba vipuri. Ubao ndiyo kwaheri.

Basi kamati ilipomwambia kwamba zawadi yake itakuwa godoro na shuka, kama tunavyowafanyia wastaafu wote, alisema godoro analo. Akaomba mashine ya umeme ya kunyonya lehemu, ibaki klabuni. Mwalimu Flora, mweka hazina wa kamati, akamuuliza mama watoto atamwelewaje akirudi nyumbani mikono mitupu.

Lakini hapo palikuwa na jambo zito. Madam Romana, mkuu wetu wa shule, alikuwa ameshatangaza kwamba asipopatikana mtu wa kuendesha klabu, vifaa vyote vitafungiwa stoo. Mwalimu Frank alikubali kuwa mlezi, ila alisema wazi kwamba yeye na vyuma vya moto hawaelewani. Kwa hiyo haikutosha mashine kuwa ya bei tunayoiweza. Ilitakiwa iweze kuishi bila Mzee Alfonsi.

Mashine zenyewe ziko za aina tatu. Ile kubwa yenye pampu yake pembeni Mzee Alfonsi aliikataa mapema, maana inakula umeme na sola yetu ikichoka inazima kila kitu. Zikabaki mbili. Moja ni kama kalamu nene: ina moto wake, lakini springi unaibana kwa kidole gumba kila unaponyonya. Haina mambo mengi ya kuharibika. Nyingine ina mshikio kama wa drili na pampu ndogo ya umeme humo humo ndani; unabonyeza kitufe tu. Kondo, fundi redio wa Mingoyo, alituazima zote mbili tuzijaribu.

Amiri wa kidato cha nne alipoishika ile ya kitufe hakutaka kuiachia. Ilichomoa vipuri vyenye miguu mingi bila kuacha hata kovu. Tukawa tumeshaichagua mioyoni. Halafu ikakohoa, ikanyamaza. Amiri akaanza kuapa kwamba hajaiangusha.

Kosa lilikuwa letu sisi watu wa huku. Ile dawa ya dukani ya kufanya lehemu itiririke haifiki kwetu mara kwa mara, hivyo Mzee Alfonsi alitufundisha kutumia sandarusi, utomvu mkavu wa kale ambao bibi yake Amiri huuokota shambani akilima. Kwenye chuma cha moto cha kawaida haina neno. Ndani ya mashine moshi wake ulipoa ukaganda kama kioo, njia ikaziba. Mzee Alfonsi alisema kosa ni lake, si la Amiri wala la mashine. Akairudisha kwenye boksi, akaamua tununue ile ya springi.

“Mimi sitakuwepo kuizibua, wanangu,” alisema.

Iliniuma. Nilielewa kwamba anatuchagulia kifaa cha watu wasioweza.

“Mzee, naomba niifungue mimi.”

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Amiri aligeuka kuangalia nani kaongea. Nikaiwasha ipate moto, nikapitisha kwenye ncha ule waya wa kusafishia uliokuja nayo, mpaka sandarusi ikalainika na kusukumika. Nikaizima, nikangoja ipoe, nikatoa bomba la ndani, nikalikwangua, nikalifuta kwa spiriti, nikaweka chujio jipya. Muda wote huo Mzee Alfonsi alikuwa ameficha mikono mgongoni asije akanisaidia. Ilipovuta tena, Amiri akasema kumbe Naima anaongea na mashine, ni sisi tu anaotunyima.

Mzee Alfonsi hakusifu. Aliinua lile chujio la zamani kwenye mwanga, akalitazama, kisha akamgeukia Mwalimu Flora.

“Tununue hii. Naima anaifungua.”

Imenunuliwa. Siku hizi ubao wenye sandarusi unafutwa kwanza kwa spiriti ndipo mashine iuguse, na asiyefuta haishiki.

Mzee Alfonsi, asante kwa kutuvumilia, wasemaji na wasiosema. Nenda salama Kilangala. Tunakuombea afya, na mvua isije mikorosho yako ikiwa kwenye maua. Redio yako ikiharibika, usihangaike kuifungua, tuletee.

Naandika haya maabara, vipindi vimekwisha. Viatu vya Madam Romana vinakuja koridoni. Anaufuata ukurasa huu, na jibu la habari ya stoo. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuufunika. Nimeuondoa. Asome mwenyewe: vifaa visifungiwe stoo, klabu nitaiendesha mimi.