Rais Aliyenyimwa Utani

Wazee wetu, Padri, majirani wa Mtaa wa Mchikichi, wanachama wa Umoja wa Wenyeji mliobaki na mliotoka, na ninyi mliokaa juani kwa kuwa ua wetu umejaa, naitwa Onesphory, mdogo wake marehemu, nami nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kabla jeneza halijainuliwa. Mtanisamehe nikisoma kama karani asomaye idadi ya magunia, tangu jana sisikii kitu ndani, sijalia, hata chai niliyopewa asubuhi sikujua kama ilikuwa na sukari.

Marehemu Tarsis Kasanda alizaliwa tarehe 3 Mei 1890 huko Unyamwezi, mwendo wa siku moja kutoka Tabora, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Kasanda, mpagazi wa misafara aliyefika Bagamoyo mara nyingi, na ambaye alitufundisha tungali wadogo kwamba Wazaramo wa pwani ni watani zetu, yaani watu wenye haki ya kututukana, kutuchukulia kuku na kutuzika, nasi tuna haki hiyo hiyo kwao, na mwenye akili hakasiriki. Alianza shule ya misheni mwaka 1899, akabatizwa, akajua kusoma, kuhesabu na Kijerumani cha kutosha kumtisha baba yetu, na mwaka 1913, reli ilipokwisha kupita kwetu, alipanda gari moshi akaja Dar es Salaam kuwa karani wa stoo.

Waingereza walipoingia mjini mwaka 1916 alichukuliwa kuwa karani wa wapagazi wa jeshi, katika kambi ile ile ambayo leo tunaiita Kariakoo na kununua mchicha ndani yake. Siku ya kwanza kambini, mpagazi mmoja Mzaramo wa Buguruni, Mwinyimvua Pazi, aliposikia kabila la marehemu, alimwambia mbele ya mstari mzima, "Kumbe mtumwa wetu siku hizi kapewa kalamu," naye akamjibu kwamba Mzaramo hawezi kubeba mzigo uzidio nazi moja, na hiyo ataila njiani. Tangu hapo wakawa hawaachani.

Tarehe 8 Februari 1920 marehemu alifunga ndoa na Bibi Sophia, aliyepo hapa, na alifunga akiwa miguu mitupu, kwa kuwa Mwinyimvua alikwisha kuviiba viatu vyake na kukataa kuvitoa mpaka bwana harusi akiri mbele za watu kuwa ni mtumwa wa Wazaramo, Padri wa wakati ule akakasirika, bibi harusi akacheka mpaka shela ikamwanguka. Mungu aliwajalia watoto wanne, wawili walitangulia wakiwa wachanga, wamebaki Sesilia na Gaspari.

Baada ya kazi ya ukarani bandarini, tarehe 17 Julai 1927 marehemu alichaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Wenyeji, uliozaliwa katika ua huu huu, na haukupita muda mrefu kukawa na matawi Dodoma, Tabora na Mwanza, watu wakaacha kuuliza ni Rais wa wapi. Alilotaka lilikuwa moja, kwamba mwenyeji aliyejenga nyumba Kariakoo awe mwenye kiwanja chake, asiwe mpangaji wa serikali anayeweza kuambiwa kesho abomoe, na kwa ajili ya neno hilo alizunguka nchi nzima, koti lake jeusi likapauka mabegani.

Sasa nafika mahali ambapo familia imeniomba nipite haraka, lakini nyote mnapajua, kwa hiyo sitapita haraka. Jumamosi tarehe 14 Machi 1931 bwana mkubwa mmoja wa serikali alikubali kuja kwenye mkutano wa Umoja kusikiliza habari ya viwanja, ukumbi ukajaa mpaka madirishani, marehemu akasimama kusema, na Mwinyimvua naye akasimama, kama alivyosimama katika kila mkutano, akauliza tangu lini mtumwa aliyenunuliwa kwa pishi ya chumvi akadai kiwanja. Watu walicheka, wakangoja jibu la nazi. Mkalimani, ambaye hakuwa mtu wa huku, alimfasiria mzungu neno kwa neno, mzungu akamgeukia kaka yangu akamuuliza kama ni kweli yeye ni mtumwa, na kaka yangu, ambaye hakuwahi kukosa jibu maishani mwake, alitazama koti lake, akamtazama mzungu, kisha akasema, "Mtoeni nje huyo." Mwinyimvua alitolewa na askari wawili, akiwa bado anatabasamu, akidhani na hilo ni utani.

Yaliyofuata ni mafupi. Wazaramo walitoka katika Umoja, wakafuatwa na watu wa pwani karibu wote, serikali ikasema haiwezi kuzungumzia viwanja na mtu ambaye hata mtaa wake unamwita mtumwa, Tabora kwetu wakauliza anayemkataa mtani atazikwa na nani, na tarehe 6 Agosti 1933 aliondolewa urais kwa kura za watu aliowaandikisha kwa mkono wake. Yote hayo aliyameza. Lililomshinda ni kwamba Mwinyimvua, kila walipokutana sokoni, alivua kofia na kumwambia, "Shikamoo, Bwana Rais." Nao walilingana umri. Wazee walipelekwa Buguruni kuomba msamaha, wakapokewa kwa heshima, wakapewa kahawa na haluwa, wakaambiwa kwamba hakuna ugomvi wowote.

Marehemu alianza kuugua kifua Novemba 1937. Mwinyimvua alikuja kumtazama, akakaa kwenye kiti, akasema pole kwa maneno mazuri, na alipokwisha kuondoka kaka yangu aligeukia ukutani akasema, "Ameninyima hata tusi moja." Alifariki jana, Alhamisi tarehe 9 Juni 1938, saa nne asubuhi.

Tunamshukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, Padri aliyempa sakramenti, majirani mliopika na kufagia, makarani wenzake wa bandari, na wanachama wa Umoja waliochimba kaburi.

Shukrani ya mwisho siwezi kuitoa, kwa kuwa aliyestahili hajafanya kitu. Mzee Mwinyimvua amekaa pale mlangoni tangu asubuhi, amevaa kanzu safi, amempa pole mjane kama mgeni wa heshima. Shemeji Sophia ametundika koti jeusi msumarini, karibu na mkono wake, ili, kama ilivyo kazi ya mtani msibani, alichukue, alivae, atembee kama marehemu alivyotembea, azuie jeneza mlangoni, na mpaka sasa hajaligusa. Mzaramo, nakuambia mimi, mdogo wa mtumwa wako, wewe usiyeweza kubeba nazi mbili, unangoja nini, mwenye koti amelala, leo hana ulimi wa kukutoa nje. Njoo umtukane kaka yangu, tukamzike.

Na wewe Tarsis, pumzika kwa amani, mtani wako akikuruhusu.