Raba Chini ya Viti Arobaini

Mchana huo benchi la mbele ya kibanda cha fundi viatu lilijaa kabla birika halijachemka. Soli, mwenye kibanda, alikuwa akishona kiatu kilekile kwa mara ya tatu, maana moyo wake ulikuwa shuleni. Mjukuu wake wa kike alikuwa kwenye imla. Akifeli tena, anarudishwa darasa la chini. Mama Kahawa akamimina, na kinyozi aitwaye Wakili, ambaye mahakama kaiona kwa nje tu, akafungua kesi: kwa nini mtoto alikuwa akifeli.

— Mimi nilisema toka mwanzo, ni nta ya masikio. Haba na haba hujaza kibaba.

— Nta wapi, akadakia Rubani, msukuma mkokoteni. Sauti ya mwalimu inatoka nje kupitia dirishani. Ndiyo maana mbuzi wa jirani ana akili kuliko sisi.

— Kuliko wewe.

Soli hakucheka. Alikuwa amemwita binti yule mkaidi na, Mungu amsamehe, alikwenda mwenyewe kumwomba mwalimu amkalishe nyuma kabisa apate adabu. Hadi siku alipoitwa shuleni, akaketi kwenye kiti hichohicho cha nyuma cha mjukuu. Sakafu ya saruji, bati juu, kuta tupu. Viti arobaini vinakwaruza, sauti ya mwalimu inamfikia vipandevipande. Yeye na masikio yake mazima hakuambulia kitu. Daktari naye akapima, akasema sikio moja la mtoto ni dhaifu. Wiki nzima Soli alikata raba za matairi na kugongomea miguu ya viti yote mia na sitini, akatundika mazulia makuukuu ukutani. Binti akahamishiwa mbele.

— Raba inameza kelele kweli, Wakili alikiri. Tumpigilie Rubani mbili mdomoni.

Ndipo binti akatokea, daftari kaliinua juu ya kichwa. Kumi na nane kati ya ishirini. Rubani akaupiga mkokoteni kama ngoma. Soli akamshukuru Mola, kisha akamgeukia binti.

— Mimi ndiye niliyeomba ukae nyuma, mjukuu wangu. Nilikukosea.

— Yameisha, Babu.

— Lakini binti yangu, Wakili akauliza, mbona hukusema kwamba husikii?

Binti akamshangaa.

— Kwani wenzangu walikuwa wanasikia kila neno?

Mama Kahawa akainamisha birika, halikutoa kitu. Kisha Wakili akasogea bila kuambiwa, binti akaketi katikati ya benchi, akawasomea imla yote tangu mwanzo, na wazee wale wakasikiliza kila neno.