Nakala ya Tatu

Tarehe 30 Juni 2023, saa sita kamili mchana, kampuni iliyokuwa ikitunza picha za marehemu mtandaoni ilitangaza kwa maandishi kwamba imefunga huduma zake. Kwamba picha 11,406 za mteja huyo zimefutwa. Kwamba hazitarudishwa kwa ombi la mtu yeyote. Na kwamba kuanzia dakika hiyo hakuna nakala iliyobaki mahali popote. Kampuni iliwashukuru wateja kwa kuiamini. Familia ililipokea tangazo hilo kwa heshima zote, ikalichapa na kuliweka kwenye faili. Marehemu asingekubali lipotee.

Alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya tatu kutoka bomba la maji, mtaa wa wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa pili wa mshika bendera wa stesheni na mwuza maandazi. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili. Ilibaki picha moja ya baba huyo, amesimama kando ya baiskeli isiyo yake. Mwaka 1958 shangazi aliiazima kwa siku mbili. Marehemu aliendelea kuhesabu siku hizo mbili mpaka uzeeni, na kila alipoulizwa baba yake alifananaje, alijibu, "Muulizeni shangazi."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1961 hadi 1967, na sekondari hadi 1971. Ipo picha ya darasa lake la mwisho. Mpiga picha alikuwa na haraka, na marehemu alikuwa mwisho wa mstari, kwa hiyo kilichoingia ni kiwiko chake cha kushoto. Aliitundika sebuleni. Wageni walipouliza yuko wapi, alionyesha kiwiko bila kutabasamu. "Huyo hapo. Nilikuwa mwembamba kidogo."

Tarehe 1 Aprili 1974 aliajiriwa kuwa karani wa masjala, akakaa humo miaka thelathini na minne, kwenye chumba chenye dirisha moja na rafu zilizofika darini. Mwaka 1986 bomba la maji la darini lilipasuka siku ya mapumziko, na Jumatatu wakakuta mafaili yamegeuka uji. Nakala zilizokuwa kabati la pili ziliiva pamoja nayo, maana kabati la pili lilikuwa chumba kilekile. Faili moja tu lilipona. Alikuwa nalo nyumbani karani mmoja aliyewahi kushtakiwa kwa mkuu wake, akaficha nakala miaka tisa akingoja siku ya kulipiza. Hapo marehemu alipata kanuni iliyompa jina la Mzee Nakala, na iliyowachosha wote waliokaa naye meza moja. Kila kitu cha maana kiwe na nakala tatu: moja ndani ya faili, moja jengo lingine, na moja kwa mtu asiyekupenda. "Anayekupenda atapoteza kwa nia njema," alisema. "Mwenye kinyongo hapotezi kitu."

Tarehe 6 Desemba 1980 alimwoa mshonaji mwenye cherehani kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, aliyekuwa amemrudishia suruali aliyoipunguza mara mbili kwa makosa. Walijaliwa watoto watatu: mtoto wa kiume mwaka 1982, ambaye ni fundi umeme, binti mwaka 1985, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na binti wa mwisho, tarehe 19 Mei 1998, aliyekuja wazazi wakiwa wameshagawa nguo za watoto.

Mwaka 2003 marehemu alinunua kamera ya dijitali. Jumapili, tarehe 8 Agosti 2004, alimpiga kitindamimba wake picha arobaini na moja mfululizo, akijifunza kuendesha baiskeli kwenye uwanja nyuma ya kiwanda cha sabuni. Tarehe 2 Novemba mwaka huohuo, homa ya siku nne ilimchukua mtoto huyo. Alikuwa na miaka sita. Zile picha hazikuchapishwa kamwe. Mama yake hakuziomba. Alijua zipo, na kujua kulimtosha, kama mtu anavyojua nyuma ya nyumba kuna kisima hata kama leo hachoti.

Yanayofuata mjane ameruhusu yasemwe. Alisema, "Wote mlioko hapa mnajua nusu. Afadhali mjue yote, mpate kulala."

Mwaka 2017, asubuhi ya harusi ya binti, kaka yake alimpiga picha akiwa usingizini, mdomo wazi, nywele zimefungwa soksi. Akaituma kwenye kundi la ukoo na maneno: "Bwana harusi, muda wa kutafakari bado upo." Dada akajibu, mbele ya watu sitini na wanne, kwa sentensi moja kuhusu mke wa kaka aliyekuwa ameondoka mwezi uliotangulia. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Miaka sita walikuja kwa wazazi kwa zamu, na mama yao akawa posta.

Tangazo la kwanza la kampuni lilifika mwezi wa Mei: kila mteja ahamishe picha zake kabla ya saa sita mchana wa tarehe 30 Juni. Marehemu alilisoma mezani kwa sauti, akalikunja, akasema, "Sawa," akaendelea na chai. Tarehe 11 Juni alianguka bafuni. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na maneno yote. Akaunti ile ilifunguliwa na simu yake tu, na simu ilifungwa kwa namba za siri alizokuwa nazo yeye peke yake. Simu hiyo, kama zilivyo nyingi, ilijiwekea mipaka: ukikosea mara kumi, inajifuta yenyewe.

Hapo ndipo mke wake alipoziomba zile picha kwa mara ya kwanza. Alimwinamia kitandani hospitalini akamwuliza, "Mtoto wangu yumo humu, nami nitamtoaje?"

Marehemu aliinua mkono wa kushoto, akanyoosha vidole vitatu.

Basi wote wakaafikiana kwamba namba zinaanza na tatu. Watoto waliitwa, na kwa mara ya kwanza wakakaa chumba kimoja, kaka dirishani, dada mlangoni, kitanda kikiwa mpaka.

"Mama, mwambie mwanao asibonyeze hovyo. Amebakisha mara nane."

"Mama, mwambie mwalimu, mara moja ni yake. Aliweka siku yake ya kuzaliwa kana kwamba dunia ilianza siku hiyo."

"Tarehe inaanza na tatu, mama! Mwambie anihesabie vidole."

"Mimi si simu," mama alisema. "Semezaneni, au nyamazeni wote wawili."

Wakanyamaza wote wawili.

Walijaribu mwezi aliozaliwa baba, idadi ya watoto, namba ya chumba cha masjala. Kila walipokosea, marehemu alinyoosha vidole vilevile vitatu, kila siku kwa nguvu zaidi, hadi muuguzi akaomba asisumbuliwe. Kilichomtisha mkewe ni kwamba macho ya mgonjwa hayakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa na uso wa karani anayemtazama mtu akijaza fomu isiyo yake. Mkewe alidhani akili imeanza kuondoka.

Tarehe 30 Juni asubuhi ilibaki mara moja. Hakuna aliyetaka kuishika simu. Saa tano na nusu kaka aliiweka juu ya shuka na kurudi nyuma. Dada aliisogeza kwa kidole kimoja kama sufuria ya moto. Saa tano na dakika arobaini mama aliichukua mwenyewe. Aliandika tatu, kisha siku, mwezi na mwaka ambao kitindamimba alizaliwa. Mumewe aliushika mkono wake kuuzuia. Mama alidhani anamtia moyo. Akabonyeza.

Kioo kikawa cheupe, kisha kikamkaribisha achague lugha.

Mama hakulia. Alikaa na simu mapajani, na mumewe akanyoosha vidole mbele ya uso wake kwa mara nyingine: kimoja, akagusa simu; cha pili, akaonyesha dirishani, mbali; cha tatu, akakielekeza kwa kaka, halafu kwa dada, halafu kwa kaka.

"Ee Mungu wangu," mama alisema. "Siyo namba. Ni nakala."

Wote watatu walikuwa wameisikia kanuni ile tangu wakati wa uji. Walikuwa wameichoka kiasi kwamba haikuingia tena masikioni. Simu ilikuwa faili. Kampuni ilikuwa jengo lingine.

Mama aliuliza, bila kumtazama yeyote, "Nani kati yenu alipewa kitu?"

Ambaye angejibu kwanza angekuwa amekiri kwamba ametunza kitu cha mwenzake miaka minne, na kila mmoja alikuwa tayari kufa kwanza. Saa ya ukutani ilifika saa sita, ikapita. Simu ya binti ikalia: ni lile tangazo lililosomwa hapo mwanzo, lililotumwa kwake kama mtu wa karibu wa mteja. Alilisoma kwa sauti hadi "mahali popote", akafunga mkoba, akaufungua tena.

"Mama," alisema, "mwambie kaka kwamba ninayo flashi yenye jina lake."

Kaka alitoa funguo mfukoni. Kati ya kipima umeme na ufunguo wa geti ilining'inia nyingine, yenye jina la dada. Mwaka 2019, kila mmoja kwa siku yake ya kuzaliwa, baba alikuwa amemwekea mkononi maisha yote ya yule asiyesemezana naye, na kumwambia, "Usifungue. Weka tu." Wakaweka. Dada alikiri baadaye kwamba alikuwa akingoja siku kaka aje kumwomba. Kaka alisema yeye alikuwa akingoja harusi ya pili ya dada.

Nyumbani mama alifungua daftari la marehemu lenye safu tatu: Namba, Kitu, Kilipo. Ukurasa uleule ulioandikwa kwamba ngazi iko kwa jirani tangu 2011 ulikuwa na mstari huu: "Mtoto na baiskeli, picha 41. Namba zisizogawanyika kwa mbili: kwa kaka. Zinazogawanyika: kwa dada. Zisomwe kwa pamoja."

Jumatatu, tarehe 3 Julai, saa nne asubuhi, walileta kompyuta mbili kwenye meza ya cherehani. Flashi ya kaka, iliyokaa miaka minne na bisibisi, haikusomeka. Kaka aliichomoa, akaipuliza, akaifuta kwa shati, akairudisha, haikusomeka. Mara ya tatu taa yake ikawaka.

Namba moja: mtoto ameshika usukani, miguu haifiki chini.

Kaka alimgeukia dada yake. "Yako," alisema.

Namba mbili: gurudumu limeinama.

"Yako," dada alijibu.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyosemezana baada ya miaka sita, na waliyarudia mara thelathini na nane zaidi. Kwa namna hiyo, kompyuta hii na ile, mtoto alipanda, akayumba, akaanguka, akainuka, akavuka uwanja, huku mama yake akimfuata kwa kichwa kushoto na kulia. Walipomaliza alisema, "Tena." Walirudia hadi mchana.

Marehemu alirudishwa nyumbani tarehe 9 Julai. Maneno hayakurudi. Alifariki Jumatatu, tarehe 21 Agosti 2023, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa kando yake, baada ya nimonia ya siku tano. Alikuwa na miaka sabini.

Ameacha mjane, mtoto wa kiume, binti, wajukuu watatu, dada mmoja, na ngazi, ambayo jirani ameahidi mbele ya wazee kuirudisha Jumatatu. Mungu ampe pumziko la amani, na amkutanishe na aliyetangulia.

Waombolezaji wameuliza kwa nini picha ya jalada la programu hii ya mazishi imepinda, na kwa nini paji la uso la marehemu limekatwa. Ni namba arobaini. Alikuwa amempa kamera mtoto aishike.