Vibao vya Mninga vya Mwalimu Romana

Tarehe 31 Desemba mwaka huu wa 1999, wakati wenye kompyuta duniani kote watakuwa wanakesha kuona kama zitaamka salama asubuhi yake, Mwalimu Romana Lyamba atakabidhi funguo za Idara ya Elektroniki na kustaafu rasmi, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika chuo chetu cha ufundi hapa Misunkumilo. Kuhusu mwaka 2000 amesema hana wasiwasi. Kompyuta ya chuo, kwa maelezo yake, iliacha zamani kujishughulisha na mwaka tuliopo.

Mwalimu Romana ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa Usevya. Alikuja hapa mwaka 1972 kufundisha ushonaji, kazi aliyojifunza kwa masista, na alikuwa mwalimu hodari wa ushonaji. Hilo tunaliandika mapema kwa sababu yeye mwenyewe halitaji kabisa. Wapo mafundi mjini Mpanda wanaokula kwa mikono aliyoifundisha, na bado wakimwona wanaficha mishono yao ya haraka haraka.

Kilichomharibu ni redio. Siku moja redio ya darasani ilinyamaza katikati ya taarifa ya habari, naye akaifungua kwa kile kidude cha kufumulia nyuzi. Ikasema tena. Habari zikaenea, na baada ya miaka michache mtu aliyeingia darasa la ushonaji asingejua kinachoshonwa mle, maana redio zilikuwa nyingi kuliko vitambaa. Alijisomea vitabu alivyoazima kwa mapadre, akaenda kozi Tabora, akarudi na koleo lake mwenyewe. Mwaka 1984 chuo kilikubali yaishe. Ukajengwa ukuta wa mbao katikati ya darasa la ushonaji, na upande wa pili ukaitwa Idara ya Elektroniki. Washonaji hawajausamehe ukuta huo hadi leo.

Tangu mwaka huo, kila Oktoba kamati ya chuo ilipokaa, ajenda ya mwisho kabla ya sala ya kufunga ilikuwa ni ile ile: je, Idara ya Elektroniki iendelee? Kila Oktoba Mwalimu Romana alisimama akajieleza, na kila Oktoba alipewa mwaka mmoja. Ni kama mtu anayepangishwa nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Sasa tufike mwaka 1997, ambao ndio uliotufanya tuandike haya yote.

Mwaka huo parokia moja rafiki huko Ulaya ilitutaarifu kwamba ingependa kutununulia kibao kimoja cha kujifunzia usanifu wa saketi. Si saketi za kuungwa kwa risasi ya kuyeyusha, hizo tulikuwa nazo. Hiki ni kibao chenye chipu ya FPGA, ambayo kiwandani haikupewa kazi yoyote. Wewe unachora saketi yako kwenye kompyuta, unaimwagia chipu kwa waya, nayo inakuwa kile ulichochora. Kesho ukiwa na wazo lingine, unachora lingine, chipu ni ile ile. Kwa chuo ambacho spea zake zilikuwa zinasubiri treni, kitu kama hicho kilikuwa ni sawa na kupewa duka zima. Katalogi ikaja ikiwa na vibao viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Tuchague kimoja. Wafadhili walikuwa wapole, ila walisema wazi kwamba hakuna kubadilisha.

Mkuu wa chuo, Bwana Telesphor, naye alisema wazi. Kibao kikija kikaishia kabatini, ukuta unavunjwa, washonaji wanarudishiwa darasa lao, wanafunzi wa elektroniki wanagawiwa idara nyingine, na Mwalimu Romana anarudi kwenye cherehani. Alisema bila ubaya. Mkuu hana ubaya, ana uhaba wa vyumba.

Mwalimu Romana hakuhitaji siku mbili. Alikata picha ya kile kikubwa akaibandika ukutani juu ya meza yake, pale ambapo wengine huweka picha ya Bikira Maria, na mwezi Februari akaiambia kamati kwamba kikubwa ndicho chuo kinachostahili. Chipu yake, alisema, ingeweza kubeba saketi za idara nzima kwa miaka kumi. Kuhusu kile kidogo alisema ni kitu cha kuchezea. Kamati ikapokea. Katika wilaya yetu, ukimwambia mtu kuna kikubwa na kidogo na vyote ni bure, mjadala huwa mfupi.

Hapo ndipo tabia ya zamani ilipomshika. Fundi wa nguo aliyefundishwa vizuri hagusi kitambaa kabla hajakata mfano wa karatasi, na Mwalimu Romana, pamoja na kuikana fani, hajawahi kununua hata bisibisi bila kwanza kukata karatasi yake. Alimfuata Masalu, mwalimu wa useremala, akiwa na vipimo vya katalogi, akamwomba amtengenezee vibao vyote viwili kwa mbao, ukubwa ule ule, kila swichi iwe msumari na kila taa iwe kidoa cha rangi mahali pake hasa. Masalu alimuuliza kama ni vya maonyesho au vya kuchomea maandazi. Alivitengeneza kwa mabaki ya mninga, akalalamika wiki nzima kwamba mninga umedhalilishwa. Vilipotoka vilikuwa vizuri kuliko samani za ofisi ya Mkuu.

Kisha Mwalimu akafundisha kwa vibao hivyo kana kwamba ni vya kweli. Mwanafunzi alichora saketi yake kwa chaki juu ya mbao, akabonyeza misumari, akasema taa ipi ingewaka. Kwa kuwa Mwalimu hapendi kujidanganya, aliweka na sheria moja kutoka katalogi. Kile kidogo kilikuwa na kichipu cha kumbukumbu pembeni, kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi, chenyewe kinajikumbusha saketi yake. Kile kikubwa hakikuwa nacho, kikikosa umeme kinasahau kila kitu. Basi sheria ikawa hivi: balbu ya darasani ikizimika, aliyeko kwenye kibao kikubwa achukue kitambaa kilicholowa, afute chaki yote, abebe mbao yake hadi ofisi ya uhasibu kwa Cecilia, kwenye kompyuta pekee ya chuo, aombe zamu, achore upya.

Umeme wa Mpanda miaka hiyo tunaujua wote. Ulikuwa wa jenereta na ulikuwa na shughuli zake binafsi.

Jumatatu walifuta. Jumanne walifuta na kufuta. Cecilia, ambaye alikuwa anaandaa mishahara, alikuja hadi mlangoni kuuliza ni lini ofisi yake imekuwa kituo cha kuungama, maana watu wanaingia na mbao kifuani, wanainamisha vichwa na kuomba. Mkuu alipita akakuta wanafunzi wazima wakibonyeza misumari kwa makini makubwa, akasimama dirishani, akaondoka. Tulimwona akitembea polepole kuelekea upande wa ushonaji, akitazama ukuta.

Jumatano ilikuwa zamu ya Esteria, mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti mkimya ambaye kwa kawaida humaliza kazi kabla wenzake hawajapata chaki. Alikaa na kibao kikubwa. Akakigeuza. Akakirudisha. Kile kidogo kilikuwa na swichi nane, taa zake na tarakimu mbili za kuonyesha namba, vyote juu yake. Kikubwa kilikuwa na chipu katikati na matundu pembeni ya kuunganishia vifaa vingine vinavyouzwa peke yake. Misumari ilikuwa michache, na yote ilikuwa ya kuwasha na kuzima. Hatimaye akauliza, kwa adabu kabisa:

“Mwalimu, nyie mnaokijua, hiki mtu anayeanza anakishika wapi?”

Wenzake walicheka. Mwalimu Romana hakucheka. Alikitazama kile kibao muda mrefu, akawaruhusu kwenda kunywa uji kabla ya saa ya uji, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada. Waliporudi, picha ukutani haikuwepo.

Hapo ndipo penye uzito, na ndiyo sababu sisi wenzake tunamheshimu kuliko tunavyoonyesha. Angeweza kunyamaza. Kibao kikubwa kilikuwa kimeshakubaliwa, na kingefika kingepigwa picha na kupokelewa kwa kwaya. Kwenda kwenye kamati kusema amekosea ilikuwa ni kumpa Mkuu nyundo ya kuvunjia ukuta. Lakini padre aliyetuunganisha na wafadhili alikuwa anaondoka na treni ya Ijumaa akiwa na jibu letu, na Alhamisi asubuhi Mwalimu Romana aliomba kamati iitwe.

Alisimama akasema alichosema Februari hakikuwa sahihi, anaomba kile kidogo. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba kidogo kina mipaka, mwanafunzi mwenye akili atakimaliza ndani ya miaka miwili, na hana la kufanya kuhusu hilo.  Mkuu akamuuliza taratibu:

“Mwalimu, kama wewe mwenyewe umegeuka ndani ya wiki chache, sisi tukuamini kwa lipi?”

 Aliweka vibao vya mninga mezani, akagawa chaki, akaeleza sheria ya balbu. Mzee Ezekia Ndaki, mfugaji wa Litapunga na mjumbe wa wazazi, akavuta kikubwa, akisema mtu wa umri wake hapewi kidogo mbele za watu. Mkuu akabaki na kidogo. Wakaanza kuchora somo la kwanza, taa moja inayowaka pale tu swichi zote mbili zikibonyezwa.

Na umeme, siku hiyo moja katika mwaka, ukagoma kukatika.

Balbu iliwaka kama ya Ikulu. Mzee Ezekia alimaliza kuchora, akafurahi, akaanza kukipamba kibao chake kwa pembe za ng'ombe. Wajumbe wakatazama balbu, wakamtazama Mwalimu, wakatazama balbu. Masalu, aliyekaa jirani na swichi ya ukutani, alianza kunyoosha mkono kidogo kidogo. Mwalimu Romana akamwambia aache, maana ikizimwa na mkono wa mtu itakuwa ni hoja ya huyo mtu. Akakaa chini, mikono mapajani. Mkuu, kwa kuwa muda haumsubiri mtu wa ofisi, akaendelea na ajenda ya paa la bweni.

Walikuwa kwenye misumari ya bati ndipo balbu ilipozimika.  Mzee Ezekia alichukua kitambaa, akafuta saketi, akafuta na ng'ombe wake, akainuka, akabeba mbao hadi kwa Cecilia. Akarudi, umeme ukiwa umerudi, akiwa amechora upya. Hajakaa vizuri, balbu ikazimika tena. Mzee alisimama na kitambaa mkononi, akamtazama Mkuu, ambaye saketi yake ilikuwa pale pale juu ya kibao kidogo, nzima, haijaguswa.

“Hiki cha kusahau,” akasema, “wapelekeeni watu wa Dar es Salaam.”

Mkuu alicheka, akajaribu kukificha kicheko kwa kukohoa, akashindwa. Kisha akasema kiandikwe kile kidogo, na Mwalimu abaki na ukuta wake. Kwa mwaka mmoja.

Kibao kilifika Septemba, kidogo kama katalogi ilivyosema. Somo la kwanza la kitabu chake lilikuwa kutengeneza taa za kuongozea magari. Mpanda nzima haina taa hizo, na katika darasa zima hakukuwa na aliyewahi kuziona zaidi ya mmoja aliyefika Mwanza, naye alisema watu walikuwa hawazifuati. Mwalimu Romana akaruka ukurasa, akawaelekeza kwenye pampu ya maji ya chuo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa inamwaga maji mpaka mtu apige kelele. Kwa miezi kadhaa Cecilia hakuweza kuchapa karatasi bila kuomba ruhusa, kwa sababu waya wa kibao ulitumia tundu la printa. Leo pampu inazimika yenyewe tangi likijaa, na umeme ukikatika na kurudi inakumbuka kazi yake. Esteria, aliyesanifu sehemu kubwa ya saketi ile, ndiye atakayepokea idara Januari. Amekwisha kusema kibao kidogo hakimtoshi, na Mwalimu amemjibu kwamba ndivyo kinavyotakiwa kuwa.

Oktoba mwaka huu kamati ilikaa kama kawaida. Mwalimu Romana alikuja na hotuba yake, safari hii ndefu, kwa kuwa alijua hatakuwepo tena kuitetea idara. Alikaa tangu asubuhi akisubiri ajenda ya mwisho. Wakamaliza mambo ya vyoo, wakamaliza shamba la chuo, mwenyekiti akawaomba wasimame kwa sala. Mwalimu Romana akanyoosha mkono, akasema wamesahau kuuliza kama Idara ya Elektroniki iendelee.

Mzee Ezekia alikuwa tayari ameshavua kofia. Alimtazama kwa mshangao wa kweli.

“Mama,” akasema, “umewahi kutusikia tukiuliza kama chuo kiendelee kuwa na maji?”

Wakasali. Hotuba ilirudi nyumbani kama ilivyokuja, na yeyote aliyemwona Mwalimu Romana akivuka uwanja wa chuo jioni ile ataungana nasi kwamba hatujawahi kumwona akitembea polepole namna hiyo, kama mtu asiyekimbizwa na chochote.

Mwalimu Romana, tunakushukuru kwa miaka yote, kwa redio zetu zote, na kwa siku ile uliyotufundisha kwamba mtu mzima anaweza kukiri kosa mbele ya kamati na bado akaondoka na heshima yake. Nenda Usevya ukalime mpunga wako, upumzike, ule na wajukuu. Afya njema iwe nawe, mvua ije kwa wakati, na redio za majirani ziharibike kwa kiasi.