Alhamisi Niliyopaswa Kumpeleka Celestine

Wachungaji, wazee wetu, jamaa na marafiki wa hapa Euless na ninyi mliotoka Houston, mimi ni Kiprop, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, Celestine Chelimo.

Celestine alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Longisa, Bomet, akiwa kifungua mimba wa mama yetu Rael, akasoma hapo hapo, akamaliza sekondari mwaka 1992, kisha akasomea uuguzi Kericho, na kila muhula ulipofunguliwa alinisindikiza hadi lango la shule ya bweni, sanduku langu la bati likiwa kichwani pake.

Alifunga ndoa na Shem tarehe 12 Agosti 2000, wakahamia Texas mwaka 2004, wakajaliwa Whitney, anayesoma chuo Houston, na Sheldon, aliye bado sekondari. Aliwauguza wagonjwa wa Dallas kwa miaka kumi na minane, akiwagombeza wote waliochelewa kupimwa, lakini kinyozi hajinyoi.

Kiungulia kilimwanza mwaka 2019, akawa analala ameegemea mito mitatu, na mwaka 2022 akaenda Richardson kwa Bi. Lin, mtabibu wa Kichina, aliyemdunga sindano nyembamba chini ya goti na karibu na kiganja, akampa maganda makavu ya chungwa na mizizi ya kuchemsha, akamweleza kwamba tumbo lake linapandisha kinachopaswa kushuka, akamkataza kula usiku. Alipata nafuu, usingizi ukamrudia, ila Bi. Lin hakuchoka kumsihi aende hospitali akaangaliwe koo kwa kamera.

Tangu matanga yaanze nasikia kwamba dawa za Mchina ndizo zilizomchelewesha, nami siwezi kunyamaza. Celestine alipewa siku ya kipimo, Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, na kwa kuwa mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, hospitali haimpimi asiye na mtu wa kumrudisha nyumbani. Shem alikuwa safarini na lori lake, dada akaniomba mimi, nikaahidi, kisha asubuhi ile nikampigia dada kumwambia nimechukua shifti ya ziada kwenye mizigo ya uwanja wa ndege. Alinijibu, "Sawa tu, Kip, nita-reschedule, hizi herbs zinanisaidia," na kila aliyemuuliza alimjibu vivyo hivyo, ili nisilaumiwe.

Nafasi nyingine ilipatikana Machi 2024, ugali ukiwa tayari haupiti, na saratani ya umio ilikuwa imeshaenea. Kama miezi ile minne ingemwokoa sijui, na nimeogopa kuwauliza madaktari. Alitibiwa Houston, akikaa kwa Whitney huko Pearland, hadi alipotutoka Jumapili tarehe 2 Februari 2025, zikiwa zimebaki siku arobaini atimize miaka hamsini na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Pearland waliompikia uji mwepesi alipokuwa hawezi kumeza kingine, wafanyakazi wenzake wa Dallas, na Bi. Lin, uliyeketi kule nyuma kabisa, tafadhali njoo ukae na familia.

Kesho mwili unasafirishwa kwenda Longisa. Nimeomba ruhusa kazini, nami nitakuwa naye hadi lango la mama.

Dada, safari hii nimekuja. Pumzika kwa amani.