Mvuke wa Embe Ulivyonibana Kifua

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana kuna kipindi hata salamu hii ingenikata pumzi.

Mimi ni mama wa vitenge hapo Kariakoo, mzaliwa wa Moshi, na wanaonijua wanajua mdomo wangu hauna likizo. Kwenye kichen pati ya binamu yangu nilipewa sigara ya umeme, ile vijana wanaiita vepu. Nikaambiwa si tumbaku, ni mvuke tu wa embe. Ndugu zangu, niliipenda! Nikawa navuta nyuma ya mafurushi, mteja akija naificha, akiondoka naendelea. Wavuta sigara nilikuwa nawaonea huruma.

Kikohozi kikaanza. Nikilala, kifua kinapiga filimbi. Stoo yangu iko ghorofa ya nne, nikawa napumzika kila baada ya ngazi chache. Na mimi nikajipa jibu! Jirani yangu Mama Hansa, mama wa Kihindi anayeuza vitambaa, tunatenganishwa na ukuta tu, alikuwa akiwasha udi kila asubuhi mbele ya picha za miungu yake. Nikasema ndiye huyo ananimaliza. Nikafunga na kumwomba Mungu amwondoe, nikakemea, nikapaka mlango mafuta ya upako. Mwisho nikamwendea, nikamwambia moshi wake unaniua. Yule mama hakubishana. Alisema atakuwa anawasha nyumbani tu, na kweli akaacha.

Udi ukaisha, kikohozi kikazidi. Nikasema basi anawasha kwa siri!

Siku moja kwenye zile ngazi hewa ikagoma kabisa. Nikamfikiria mwanangu Neema, yuko shuleni na hana mzazi mwingine. Nilimwita Yesu, sauti haikutoka. Aliyenikuta ni Mama Hansa. Akaita Bajaji, akanishikilia mpaka hospitali.

Daktari akaniuliza kama navuta. Nikatikisa kichwa. Mimi, mtu niliyeokoka?

Mama Hansa akasema, "Daktari, anavuta. Kile kidude kinanukia embe. Dada, sema kweli, una mtoto."

Nilimchukia saa ile, Mungu anisamehe. Lakini nililia, nikasema kweli. Daktari akanieleza kwamba ule si mvuke wa maji. Ni kemikali zilizopashwa moto pamoja na nikotini, zinafika ndani kabisa ya mapafu, na njia za hewa zinavimba na kubana. Akanipa dawa ya kuvuta kwa pampu. Akasema nikiendelea ataniona tena nikiwa vibaya zaidi, nikiacha mapafu yana nafasi ya kupata nafuu.

Kuacha kulinitoa jasho! Nilitetemeka, niligombana na wateja, hata nyie wanakwaya niliwafokea. Mliniombea. Mama Hansa, niliyemwomba radhi kwa aibu, alikuwa ananiletea chai ya tangawizi hamu ikinishika. Kliniki bado naenda, sijidai mzima kabisa. Lakini juzi nimepanda na Neema mpaka stoo, tunabishana njia nzima! Haleluya!

Ndugu yangu uliyekaa hapo na kidude mfukoni, kifua kikikubana usianze kumtafuta mchawi. Mwambie Mungu ukweli, mwambie na daktari. Mtumaini Bwana, anajua pa kukushika. Mimi nilimwomba aniondolee jirani yangu, akanitumia huyohuyo aniokoe.