Mkono wa Trombone

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ninyi wa karibu na mlango sikuwasikia. Bwana asifiwe! Asanteni. Na ndugu zetu Wamalawi mliotoka kijijini kuja kusali nasi leo, zikomo kwa kufika. Mimi ni Papa Riziki, mume wa yule fundi cherehani wa karibu na bomba la maji. Wengi mnanijua. Wengine mnakumbuka kwamba niliwahi kusimama hapa hapa, nikatoa ushuhuda kuhusu mkono wangu wa kulia, mkapiga vigelegele mpaka turubai likatikisika. Leo nimekuja kuusahihisha ushuhuda ule. Namwomba mchungaji anivumilie, maana mimi si mtu wa maneno mafupi.

Ndugu zangu, nimezaliwa Bukavu na kazi yangu ni trombone. Kwa wasioijua, ni bomba la shaba lenye mdomo mpana kama ua la maboga, na mbele yake kuna bomba jingine linaloteleza, unalisukuma mbali na kulivuta karibu kwa mkono wa kulia. Haina vitufe vya kubonyeza kama tarumbeta. Sauti yote imo midomoni na katika mkono huo, na ukikosea upana wa kidole kimoja orkestra nzima inageuka kukutazama. Nilijifunza kwenye fanfari, yaani bendi ya matarumbeta, ya shule ya mapadri nikiwa bado navaa kaptula. Nilipokua nikapiga jazi katika orkestra kubwa, saksafoni mbele, sisi wa trombone katikati, tarumbeta nyuma yetu zikitupulizia visogoni. Jumamosi tulipiga katika hoteli iliyotazama ziwa Kivu, na siku nyingine niliitwa studio, hapo Bukavu, Bujumbura, hata Kigali. Mpigaji wa studio anaitwa, anapiga, anaondoka, na jina lake haliandikwi popote. Mimi sikujali. Mpaka leo ukisikia wimbo wa miaka ile redioni, mwimbaji anavuta pumzi na bomba linamjibu kwa chini taratibu, huenda ni mimi.

Sasa niwaambie jambo la ndani ya nyumba. Lile bomba la kuteleza linataka kulainishwa. Yapo mafuta yake maalumu, lakini kwetu yalikuwa adimu, kwa hiyo tulitumia pomadi ya uso, ile ya akina mama. Unapaka kidogo sana, unanyunyiza maji juu yake, linateleza vizuri kabisa. Pomadi niliyopaka ilikuwa ya mke wangu. Kila mara alinifuata na kikopo kitupu.

"Papa Riziki! Pomadi yangu iko wapi? Sasa ile bomba njo bibi yako?"

Eti bomba ndilo mke wangu! Nilicheka, nikamnunulia nyingine, na hiyo nayo nikaiiba. Oh, ndugu zangu, natamani zile kelele! Natamani ile nyumba yetu ya mlimani Kadutu, Jumapili baada ya misa, dirisha liko wazi, samaki wako jikoni, mimi napasha midomo joto kwa noti ndefu na jirani anagonga ukuta akiniambia nipige ule wa jana. Nilidhani ni maisha ya kawaida tu.

Vita vilipoingia mtaani kwetu tulibeba kile tulichoweza kubeba. Mke wangu alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Riziki wetu alikuwa mdogo, ana homa, miguu haimshiki. Nikambeba Riziki kwa mkono mmoja na sanduku la trombone kwa mkono wa pili, nikafika mlangoni, nikashindwa. Mtoto alikuwa anateleza. Mke wangu akanitazama.

"Baba, mutoto ao bomba. Chagua."

Hakusema kwa ukali. Nikarudi chumbani, nikaitoa trombone sandukuni, nikailaza kitandani, nikaifunika blanketi mpaka juu kama mgonjwa. Kwa nini niliitoa sandukuni, sijui. Kwa nini niliifunika, sijui. Riziki yuko pale kwenye kwaya, mstari wa pili, mwanamke mzima sasa. Sijajuta hata siku moja, na hata siku moja sijaacha kuitamani.

Njia tuliyopita mnaijua, ni ile ile yenu. Ziwa Tanganyika, Kigoma, malori ya Tanzania, Karonga, kisha hapa kambini Dzaleka, katika miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili. Mke wangu akapata cherehani. Mimi nikafyatua matofali, nikauza nyanya, nikajifunza kula nsima na kusalimia watu kwa Kichewa. Sikulalamika. Ila Jumapili nilipokuja hapa kanisani na ngoma zikaanza, mkono wangu wa kulia ulianza kwenda wenyewe. Unatoka mbele, unarudi kifuani, unatoka nusu, unarudi. Nilikuwa nimefumba macho, nasikia zile trombone zote za Bukavu zikiitikia wimbo wa kwaya, nami nipo katikati yao.

Watu hawakusikia trombone. Waliona mkono! Na Jumapili moja mkono huo ukatoka mbele kwa nguvu ukampiga Shemasi Bahati kisogoni. Yule pale, anacheka sasa, lakini siku ile hakucheka.

Ndipo Mama Ester, kiongozi wetu wa maombezi, akasimama akaninyooshea kidole. "Muangaliye huyu baba! Iko na roho ya mukono. Inamukokota!"

Msimlaumu, ndugu zangu. Mtu ambaye hajawahi kuona trombone angefikiri nini? Wakanifungia. Sisemi kamba, nasema mfungo wa chakula na maombi. Wakaupaka mkono mafuta, wakaushika waombezi wengi kwa pamoja, Mama Ester akakemea mpaka sauti ikamkauka: "Tunakufunga! Usisogee tena!" Nami niliitikia amina kwa moyo wote. Nilikuwa nimechoka kutamani. Nilifikiri mkono ukitulia na moyo utatulia. Na kweli ukatulia! Jumapili iliyofuata ngoma zikapigwa, mkono ukabaki mapajani kama wa mtu mwingine. Huo ndio ushuhuda niliowapa, nanyi mkashangilia.

Ambacho sikuwaambia, kwa sababu nilikuwa bado sijakijua, ni kwamba tangu siku ile sikusikia tena muziki. Masikio yalikuwa mazima. Kwaya iliimba nami nikasikia watu wanafungua vinywa. Nikaacha kuimba nikifyatua matofali. Nikaacha kumtania mke wangu. Miaka ikapita hivyo. Aliniambia, "Mi nilikuwa nalala na bwana, sasa nalala na mufuko ya bunga." Nami nikageukia ukutani, kama mfuko wa unga kweli.

Kulikuwa na kikopo cha pomadi mezani kwetu. Mke wangu alikinunua hapa sokoni na alikuwa anakiacha wazi, bila kifuniko, karibu na mahali ninapokaa. Nilidhani ni usahaulifu. Siku moja nikamwambia afunike, vumbi linaingia. Akanijibu taratibu, "Niliiacha wazi juu mwizi apite. Lakini hakuna mwizi. Inakauka bule." Halafu akainama kwenye cherehani, akashona, na machozi yakamdondokea kwenye kitambaa cha watu. Ndugu zangu, nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba kama mpumbavu. Mke wangu alikuwa anatamani kuibiwa!

Mungu hutumia njia anazozijua mwenyewe. Mke wangu alipata kazi ya kushona sare za kwaya moja ya Lilongwe, huko mtaa wa Area 25. Alipokwenda kupima watu mabega akakuta bendi ya kwaya inafanya mazoezi, na ukutani, kwenye msumari, imetundikwa trombone. Mwenyewe alikuwa amehamia Afrika Kusini. Alirudi jioni hajala, akasimama mlangoni na mkoba bado uko begani.

"Papa Riziki. Niliona ndugu yake."

Nilijua anasema nini. Nikakataa. Nilimwambia nimekombolewa, siwezi kuirudia roho ile. Akasema, "Kama ni roho mbaya, itakimbia mbele ya kwaya. Kama ni ya Mungu, itabaki. Twende tuone." Nikaomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, tukapanda basi dogo, na njia nzima nimekalia mkono wangu.

Kiongozi wa bendi, Bwana Phiri, ni mzee mpole. Akaishusha trombone, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akanipa. Ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka. Bomba la kuteleza lilikuwa limekwama, halitoki. Wote wakanitazama, nami nikageuka kuomba radhi, ndipo nikamwona mke wangu anafungua mkoba. Akatoa kikopo cha pomadi, kipya, kimejaa, hakijaguswa. Akaniwekea kiganjani, kisha akaenda kuchota maji kwenye kikombe.

Nikapaka. Nikanyunyiza. Likateleza.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya ndama mgonjwa, kwaya nzima ikacheka. Midomo ilikuwa imesahau kazi. "Imbani, bambo," Bwana Phiri akasema, yaani piga, baba. Nikapiga tena, na tena, na pole pole ikatoka noti moja nzima, ya chini, ya mviringo, ile ya Jumapili ya Kadutu. Nikasikia! Ndugu zangu, nikasikia muziki! Nililia mbele ya watoto wa watu, na mke wangu alikuwa amekaa chini sakafuni, kanga mdomoni.

Tangu hapo nimerudi kazini. Kwaya za Lilongwe zikirekodi zinaniita, nami napiga, naondoka, jina langu haliandikwi. Nimepiga harusi Mponela. Lakini hapa kwetu sikusema kitu. Kila Jumapili nilikaa hapa, mkono chini ya paja, kwa hofu ya Mama Ester.

Mpaka juzi, Mama Ester alipokuja nyumbani kupima gauni. Redio ilikuwa wazi, ukapigwa wimbo wa kwaya ya Area 25. Akaacha kupimwa. Akasimama na mikono juu vile vile, analia.

"Hii sauti ni ya nini? Inanipeleka kwetu. Inanipeleka kwa mama yangu."

Mke wangu akanitazama. Nikautoa mkono mfukoni, nikausogeza mbele, nikaurudisha kifuani, sawasawa na wimbo, noti kwa noti. Mama Ester akautazama mkono. Akaitazama redio. Akaketi.

"Papa Riziki," akasema, "njo hii nilifunga?"

Hakungoja jibu. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na sauti ile ile iliyoufunga ikaufungua. Akaomba kwa muda mrefu. Ndiye aliyenituma nisimame leo, na ninamshukuru mbele yenu nyote. Mama, inua uso.

Kwa hiyo ukombozi wangu ni huu, ndugu zangu, na ule wa kwanza naurudisha. Namshukuru Mungu aliyenipa mkono huu, na namshukuru mwanamke aliyeacha kikopo wazi miaka yote ile. Bado natamani. Bado kuna kitanda Bukavu ambacho nakifikiria, na sijui ni nani aliyefunua blanketi lile. Nimeacha kumwomba Mungu aniondolee hamu hii. Kama na wewe una kitu unachokitamani mpaka watu wanakuombea upone, kipeleke kwake kama kilivyo, usikione aibu. Mwamini. Yeye ataangalia ni cha nani.

Bwana Phiri ameniazima trombone kwa leo. Iko hapa chini ya kiti, ndani ya kitenge. Kwaya, tupeni ule wa mwanzo wa ibada. Shemasi Bahati, baba, sogea kidogo.

Mama Riziki, lete pomadi.